Mboga Isikatike Kiangazi

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya bustani ya mboga kando ya nyumba. Pengine mtashangaa kuona wauguzi tunaacha sindano na kushika jembe. Lakini sisi tunaopima watoto kliniki tunaijua hali ya bustani zenu bila kuziona. Mwezi wa nne mama akiulizwa mtoto anakula nini, anataja mchicha, kunde, majani ya maboga. Mwezi wa tisa mama huyo huyo anajibu, "Ugali na chai." Mtoto naye ni yule yule, ila viganja vimepauka na uzito umesimama.

Huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama tunapata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Katikati, Januari na Februari, mvua hupungua, kisha Juni hadi Septemba ni kiangazi kirefu. Wengi wetu tunashughulika na bustani wakati wa mvua, yaani wakati ambapo mgagani na mnafu hujiotea hata nyuma ya zizi. Kazi hiyo si mbaya, lakini bustani inayookoa afya ya mtoto ni ile yenye majani mwezi wa nane.

Tunalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu mkoa wetu una somo chungu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika Wilaya ya Tarime (wakati ule eneo la Rorya lilikuwa ndani yake) watu walianza kupooza miguu ghafla. Wengi walikuwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Miguu ikishakakamaa, ulemavu hubaki. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, nayo huongezeka jua likiwa kali. Kwa kawaida mama zetu huumenya, huuvundika siku kadhaa, kisha huuanika hadi ukauke kabisa. Lakini njaa ikibisha hodi, siku za kuvundika hupunguzwa, na ugali huo huliwa mtupu siku baada ya siku. Mwili unahitaji vyakula vya kujenga mwili, kama dagaa, samaki, mayai, maharage na kunde, ili uweze kuiondoa sumu hiyo.

Mchicha peke yake hauzuii konzo, tusidanganyane. Kinachosaidia ni muhogo ulioandaliwa vizuri, na kitoweo. Ndiyo maana tunawaomba mpande kunde, ambazo hutoa majani baada ya wiki tatu au nne, kisha hutoa mbegu za kuweka ghalani. Na kama mna shaka na unga wa muhogo, iko njia rahisi. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, na utie alama ndani mahali unga ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea kuongeza maji hadi urudi kwenye ile alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu nyingi itaondoka na hewa. Usonge ugali siku hiyo hiyo, maana unga mbichi hauwekeki.

Sasa maji ya kiangazi yatoke wapi? Nyumba yenye watu sita humwaga maji mengi kila siku. Maji ya kuoshea mboga, dagaa na vyombo yanatosha kutunza gunia moja au mawili ya mboga. Chukua gunia, ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati upange nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yapenye. Mawe Musoma na Butiama hayanunuliwi! Panda juu, na utoboe ubavuni upande miche. Wenye udongo mweusi wa mbuga kule Bunda, ambao hupasuka ukikauka, gunia litawafaa zaidi. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo msiyatumie.

Wanaoishi kando ya ziwa wana maji tele, lakini wana kichocho pia. Wanaoingia majini ni watoto, wakitumwa na ndoo jioni. Yafaa mtu achote bila kuingia majini, na maji yakae kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyashika. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, humpa mtoto vitamini A inayolinda macho yake na kumsaidia kupambana na magonjwa. Shida ni mbegu, kwani marando hufa kiangazi. Iko njia iliyojaribiwa huku Kanda ya Ziwa: wakati wa kuvuna chagua viazi vidogo visivyo na vidonda, uvifukie katika beseni la mchanga mkavu, uliweke ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vipande kwenye kitalu na kuvimwagilia. Vuli ikianza, marando yatakuwa tayari.

Mboga ikizidi wakati wa masika, isiachwe izeeke shambani. Chemsha majani ya kunde kidogo, uyakaushe kivulini. Jirani zetu Wasukuma wanayaita nsansa, na wana akili. Jua kali huharibu vitamini A, kwa hiyo msiyaanike juu ya bati.

Na jikoni je? Tunaona mboga inalimwa kwa jasho halafu inauawa sufuriani. Magadi yanalainisha mlenda na kisamvu, lakini yanaharibu vitamini. Funika sufuria, pika kwa muda mfupi, isipokuwa kisamvu, ambacho ni lazima kitwangwe na kuiva sana kwa sababu nacho kina ile sumu ya muhogo. Tia mafuta kidogo. Kamulia ndimu au mpe mtoto kipande cha papai, ili mwili upate madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hicho, inazuia madini hayo. Ingoje saa moja au mbili.

Wenye nafasi ya mti mmoja tu, pandeni mlonge. Ukishashika hustahimili ukame, na majani yake huchumwa hata mwezi wa nane.