Hodi ya Mkesha wa Krismasi

Somo: Luka 2:1-14, Warumi 5:1-11



Wiki hii ukipita steji ya Migori utaona vile imejaa. Watu wanashuka na mabegi kutoka Nairobi na Mombasa, nauli imepanda kama kila Desemba, vyama vinagawa pesa za mwaka. Kila mtu anaenda nyumbani. Lakini najua kuna wengine kati yetu ambao hawaendi, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kuwaambia watu. Kazi ni nyingi. Watoto ni wagonjwa. Nitakuja Januari. Somo la leo ni la hao, kwa maana nilikuwa mmoja wao kwa Krismasi tatu mfululizo.

Nilipomaliza digrii ya biashara sikupata kazi. Nikaona niingie kwa omena: ninunue Mbita, niuze Isebania pale mpakani. Nilijiunga na sacco, nikachukua mkopo wa shilingi 85,000, na baba mdogo wangu, mwalimu mstaafu kule kwetu Ndhiwa, akanidhamini kwa akiba yake. Mpango niliuandika vizuri sana, na faida ya kila mwezi nikaipanga kwa jedwali. Halafu mvua ikanyesha siku nne. Wale mnaofanya hiyo kazi mnajua: omena isipopata jua inaharibika, na ile iliyokuwa ya kuliwa na watu inauzwa kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kulia. Digrii yangu haikuwa na somo la mvua.

Nililipa miezi mitatu, nikashindwa. Badala ya kwenda kumwambia baba mdogo, nilibadilisha laini ya simu. Nikahamia Migori, nikaanza kutumika kanisani na vijana. Kusema ukweli, Desemba moja nilisimama mbele ya vijana nikafundisha kuhusu amani ya Krismasi huku mzee aliyenilea akiwa hana namba yangu.

Krismasi ya tatu, tarehe 24 usiku kama saa mbili, nikasikia hodi. Halafu nikasikia kikohozi. Kikohozi cha mtu aliyekulea hukisahau. Nikazima taa. Mtumishi wa Mungu, mtu mzima, nimekaa gizani kitandani nimeshika pumzi.

Mwacheni hapo mlangoni kidogo, nitarudi kwake.

Fungua Luka 2. Wachungaji wako kondeni usiku, utukufu wa Bwana unawaangazia, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuogopa, tena sana. Kwa nini? Hakuna aliyewatisha. Ni kama Adamu katika Mwanzo 3, aliposikia hatua za Mungu bustanini akaingia kwenye miti. Mtu mwenye deni akisikia hatua anajua anatafutwa yeye. Ndiyo maana malaika hakuanza na habari. Alianza kwa kuwaambia wasiogope, ndipo akasema Mwokozi amezaliwa, na jeshi la mbinguni likatangaza amani duniani.

Sasa, amani gani? Luka anataja Kaisari Augusto katika mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo. Wakati ule Warumi walikuwa wanajivunia amani. Baraza lao lilikuwa limemjengea Augusto madhabahu ya Amani pale Rumi, na mipaka ya dola ililindwa na majeshi. Kama amani ni kutokuwa na vita barabarani, tayari ilikuwepo. Mbingu haikuhitaji kutuma mtu.

Sisi watu wa huku tunajua amani ya wakubwa. Krismasi ya 2007 tuliimba nyimbo za amani, tarehe 27 tukapiga kura, na baada ya matokeo kutangazwa nchi ikawaka moto. Ilichukua hadi tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila walipotia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan. Miaka kumi baadaye, tarehe 9 Machi 2018, tukaona Uhuru na Raila wakisalimiana nje ya Jumba la Harambee. Namshukuru Mungu kwa siku hizo zote mbili, watu walipona. Lakini pale kila upande ulikuwa na kitu cha kuweka mezani. Huyu ana viti, yule ana watu. Wewe na Mungu mkikaa mezani, utaweka nini?

Paulo katika Warumi 5:10 anasema tulipatanishwa na Mungu wakati tulikuwa bado adui zake. Hapo wengi mnakataa. Pastor, mimi nimezaliwa kanisani, mama yangu ni wa kikundi cha akina mama, uadui umetoka wapi? Nami pia, baba mdogo hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Chuki haikuwa kwake. Lakini nilikuwa nimejitenga naye, na msidhani ilikuwa hisia tu za moyoni mwangu. Deni lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa, na riba ilikuwa inaongezeka. Kuna mahubiri yanayosema Mungu hana shida nawe, wewe ndiye unajihukumu. Biblia haisemi hivyo. Mstari wa 9 unataja ghadhabu waziwazi.

Chuoni tulifundishwa kulinganisha daftari la biashara na taarifa ya benki mpaka hesabu zikubaliane, na kwa Kiingereza kazi hiyo inaitwa kwa neno lile lile la upatanisho. Nilipokuwa nasoma 2 Wakorintho 5:19 nikashangaa kukuta Paulo naye anaongea kama mhasibu: Mungu, ndani ya Kristo, hakuwahesabia watu makosa yao. Neno la Kigiriki alilotumia hapo ni la mtu anayeandika hesabu kwenye kitabu. Sasa mhasibu yeyote atakuambia huwezi kufuta deni hivi hivi likapotea hewani. Ukilifuta kwa mkopaji, kuna mtu mwingine amelibeba. Lazima lionekane mahali.

Basi, mlangoni. Baba mdogo hakupiga kelele. Alisema, “Wuoda, najua uko ndani, nimeona taa ikizimika. Sijakuja na mambo ya deni. Deni liliisha mwezi wa nane.”

Nilifungua. Amesimama na kuku ameshika miguu, viatu vina matope. Nikamuuliza limeishaje. Akaniambia kwa kifupi tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: sacco walitaka kukata akiba yake, akaona afadhali auze wale ng'ombe wawili wa kulima. Mwaka ule shamba lake lililimwa kwa jembe la mkono. Mzee wa miaka sitini na kitu.

Unajua nilijibu nini? Nilianza kumpangia malipo. “Baba, nipe mpaka Machi, nitakuwa natuma elfu mbili kila mwezi.” Akanikata: “Nani amekuuliza pesa? Mama yako mdogo anataka kujua kama utakuja kesho.”

Wapendwa, sisi Wapentekosti tuna hatari hii ya kumpangia Mungu malipo. Desemba ikifika mtu anakumbuka mwaka ulivyoenda, anafunga siku tatu, anapanga sadaka nono ya kufunga mwaka, anahudhuria kesha mpaka asubuhi, na ndani yake anasema labda sasa tutakuwa sawa. Funga. Toa. Kesha uje. Lakini hayo yote usiyafanye kama mtu anayelipa elfu mbili kila mwezi kwa deni lililokwisha. Yule mtoto aliyelazwa horini alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akakua, na msalabani akalibeba. Wakolosai 1:20 inasema amani ilifanywa kwa damu yake. Imefanywa tayari. Utulivu wa moyo ule wa Wafilipi 4:7 unafuata nyuma yake, siku nyingine mwingi, siku nyingine kidogo. Usipousikia Jumatatu asubuhi usidhani mkataba umevunjika.

Na aliyekula pesa za chama, tafadhali, asiende kusema Pastor amesema imelipwa. Zakayo alirudisha mara nne. Lakini angalia mpangilio wa Luka 19: Yesu aliingia nyumbani kwake kwanza, hesabu za kurudisha zikafuata. Ukishaacha kujificha kwa Mungu utapata nguvu ya kumpigia simu mtu unayemkwepa.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitabaki mbele, upande wa vyombo. Kama uko gizani na umezima taa, njoo tuombe. Sitauliza maswali mengi.

Usiku ule tulichinja kuku, tukapika kwa stovu, baba mdogo akalala kitandani mimi chini. Asubuhi tukapanda matatu ya kwanza mpaka Rongo, tukabadilisha kuelekea Rodi Kopany, kutoka hapo Ndhiwa. Konda alipofika kwetu nikaingiza mkono mfukoni. Baba mdogo alikuwa ameshatoa nauli ya watu wawili.