Somo la familia: Mtoto akisimulia, tumsikilize

Masomo ya kusoma nyumbani wiki hii: 1 Samweli 3:1-18; Luka 15:11-32; Luka 24:1-12



Majuma machache yaliyopita watoto kadhaa wa darasa letu la Jumapili walirudi kutoka shuleni na kitabu kimoja. Wanaosoma kwa Kifaransa walikuwa na "Le Lion, la Sorcière blanche et l'Armoire magique". Wanaosoma kwa Kiholanzi walikuwa na "De leeuw, de heks en de kleerkast". Wazazi walipoona neno mchawi kwenye jalada, na ndani yake habari za kiumbe mwenye pembe na miguu ya mbuzi, simu zilianza kulia. "Dada, hiki ni kitabu gani? Tukirudishe?" Sisi tunaowafundisha watoto tulikubaliana tusijibu kabla ya kukisoma. Tumekisoma chote, na leo tunawaletea tuliyoyakuta.

Kitabu na aliyekiandika

Mwandishi ni C. S. Lewis, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyezaliwa Belfast mwaka 1898. Mama yake alifariki kwa kansa mwaka 1908, yeye akiwa na miaka 9, na kabla mwezi haujaisha alipelekwa shule ya bweni ng'ambo ya bahari, Uingereza. Alipokuwa kijana alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa na kombora huko Ufaransa mwezi wa Aprili 1918. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1950, na ndicho cha kwanza kuchapishwa kati ya vitabu 7 vya nchi ya kubuni iitwayo Narnia.

Hadithi inaanza na ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, ambao wamepelekwa mbali na London kwa sababu ya mabomu. Jambo hilo halikubuniwa. Tarehe 1 Septemba 1939 serikali ya Uingereza ilianza kuwahamisha watoto kutoka miji mikubwa. Kwa siku chache tu watu wapatao milioni 1.5 walisafirishwa kwenda mashambani, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Mtoto alibeba boksi la barakoa ya kujikinga na gesi, na jina lake likafungwa kwenye koti kama mzigo wa posta. Wazazi wengi waliagana nao bila kujua watalala nyumbani kwa nani. Lewis mwenyewe alipokea wasichana wa shule nyumbani kwake, nje kidogo ya Oxford.

Kwetu sisi hiyo si historia ya mbali. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Wapo kati yetu watoto waliolelewa na majirani, na wengine waliomfuata mzazi hapa Brussels baada ya miaka ya kusubiri karatasi za kuunganisha familia. Nao waliwahi kulala katika nyumba ya watu wasiowajua, na wengine wetu tuliowazaa hatukuwepo.

Je, ni kitabu cha uchawi?

Tujibu kwa uwazi. Katika hadithi hii Lucy, aliye mdogo kuliko wote, anaingia ndani ya kabati la nguo na kutokea kwenye msitu wenye theluji. Mchawi anayejiita malkia ameifunga nchi ile katika baridi isiyokwisha, na Krismasi haifiki. Huyo ni adui toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtoto atakayemaliza kitabu akitamani kufanana naye. Msituni wapo wanyama wanaosema, kama bibi zetu walivyotusimulia habari za Sungura na Fisi, na hakuna aliyesema bibi anatufundisha uchawi. Yupo pia simba, Aslan, ambaye anakubali kuuawa mahali pa mtoto mkosaji, kisha anafufuka. Lewis alikuwa Mkristo na alijua anachoandika.

Lakini tusifiche kwamba upande wa wema pia kuna mambo ya ajabu ambayo si ya Biblia. Mzazi asome pamoja na mtoto, amwambie hii ni hadithi, na Neno ni Neno.

Jina la Aslan liliwafurahisha watoto wetu. Hapa Saint-Josse, komini ndogo kuliko zote za Ubelgiji kwa eneo, wengi wao wanakaa dawati moja na watoto wa Kituruki, na hao ndio waliowaambia kwamba "aslan" kwa lugha yao ni simba.

Lucy hakuaminiwa

Lucy anaporudi kutoka msituni na kusimulia alichokiona, ndugu zake hawamwamini. Wanalifungua kabati, wanakuta makoti na ubao wa nyuma. Baadaye Edmund anafika kule yeye mwenyewe, lakini akirudi anakana na kumfanya Lucy aonekane mwongo mbele ya wakubwa. Lucy analia siku nyingi. Wakubwa wawili wanakwenda kwa profesa mwenye nyumba, wakidhani mdogo wao amerukwa na akili. Yule mzee anawauliza swali dogo: kati ya hao wawili, ni yupi ambaye kwa kawaida husema kweli? Wanakiri kuwa ni Lucy. Basi, anawaambia, kwa nini msianzie hapo?

Tulikuwa tukiisoma sehemu hii kwa sauti wakati binti mmoja wa darasa letu alipoinua mkono. Alisema, "Mimi pia nilisimulia, mkaniambia nisahau." (Yeye na shangazi yake wameturuhusu kuandika haya bila jina.) Darasa lilinyamaza, na sisi walimu tulinyamaza zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli. Alipofika, alianza kutueleza habari za usiku wa njiani, nasi tukamkatiza: "Mshukuru Mungu umefika, mambo ya huko uyasahau." Tulisema kwa upendo. Pia tulisema kwa woga, maana yeye akiendelea, na yetu tuliyoyazika yangefufuka.

Someni habari za Samweli. Mtoto aliamka usiku mara tatu akisema ameitwa. Eli alimrudisha kitandani mara mbili, na mara ya tatu tu ndipo akaelewa. Hata kuhani mzee alichelewa. Lakini alipoelewa alimfundisha la kufanya, na asubuhi akamtaka asimfiche neno lolote, ijapokuwa habari zenyewe zilikuwa mbaya kwa nyumba ya Eli. Nao wanawake waliotoka kaburini asubuhi ya Pasaka hawakuaminiwa na mitume. Kutomwamini mdogo ni kosa la zamani katika nyumba ya Mungu.

Dalili zisizo za uchawi

Hapa tunasema kama wauguzi. Mtoto aliyepita vitani anaweza kukojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha. Anaweza kupiga kelele usingizini, kulalamikia tumbo ambalo daktari halioni ugonjwa wake, kukaa kimya, au kupiga wenzake. Mwili unasema kile ambacho mdomo umekatazwa. Tunajua kwamba kwetu wapo wanaoziona dalili hizi hizi na kusema mtoto ni mchawi, kisha wanamfungisha chakula, wanampiga au wanamfukuza. Ndugu, hilo lisitajwe kati yetu. Hata Kongo yenyewe, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto kuwa mchawi. Mtoto huyo anahitaji usingizi, chakula, maombi yasiyomtisha, na mtu mzima mmoja mwenye muda.

Dalili zikiendelea kwa wiki kadhaa, mwoneni daktari wenu wa familia, au ombeni kuzungumza na kituo cha PMS kinachohudumia shule ya mtoto. Kwa shule za Kiholanzi kinaitwa CLB. Ipo pia namba 103 ya Kifaransa ambayo mtoto au mzazi anaweza kuipiga bure bila kutaja jina. Anayezungumza Kiholanzi apige 1712. Kuomba msaada si kukosa imani.

Rafiki gani wa kweli?

Wazazi wengine walituuliza jambo la busara: Lucy anakutana na mgeni msituni, naye anamkaribisha chai nyumbani kwake. Je, kitabu hakiwafundishi watoto kufuata wageni? Ni swali zuri, na jibu limo ndani ya kitabu.

Mgeni huyo ni Tumnus, yule mwenye miguu ya mbuzi. Kweli alitumwa na mchawi amkamate mtoto yeyote wa binadamu. Lucy alikuwa hatarini, na watoto wetu walijue hilo bila kupakwa asali. Lakini Tumnus anashindwa na dhamiri, analia, anakiri, kisha anamsindikiza Lucy mpaka kwenye nguzo ya taa ili apate njia ya kurudi. Baadaye anakamatwa na kugeuzwa jiwe kwa ajili hiyo.

Mchawi naye anamkaribisha Edmund. Anampa lokumu, peremende laini ya sukari kama ile tunayoiona madukani Chaussée de Haecht. Leo ni kitu cha kununua tu, lakini vita vilipoendelea, peremende Uingereza zilipimwa kwa kadi ya mgao, na mgao huo haukuondolewa hadi mwaka 1953. Mtoto aliyenyimwa utamu namna hiyo ni rahisi kununuliwa. Mchawi anamwomba Edmund mambo mawili: awalete ndugu zake, na asimwambie mtu.

Wafundisheni watoto tofauti hii kwa maneno yenu wenyewe. Rafiki wa kweli anakurudisha nyumbani na hataki siri. Mtu anayekupa vitu vizuri kisha akasema "usimwambie mama", mwambie mama siku hiyo hiyo. Hii ni kwa mtaani, kwa simu, kwa nyumba za ndugu, na hata kwa kanisani. Lakini haitasaidia kitu ikiwa mama akiambiwa anajibu, "Nyamaza, unamsingizia mjomba wako."

Edmund akirudi

Edmund anawasaliti ndugu zake. Wanapomwokoa, Aslan anatembea naye kando, wawili tu, na hakuna aliyesikia walichozungumza. Kisha anamrudisha kwa wenzake na kuwaambia hakuna haja ya kuongea naye habari zilizopita. Edmund anawaomba msamaha kila mmoja, na kila mmoja anampokea. Hii ni Luka 15, ila bila kaka mkubwa anayesusa nje. Wapo vijana wetu waliofanya mambo vitani, au hapa mjini, ambayo wanayaonea haya. Akirudi, tusimkumbushe kila tunapogombana juu ya vyombo visivyooshwa.

Tena tumempenda Lucy kama muuguzi mwenzetu. Amepewa chupa ya dawa inayoponya kwa matone machache. Baada ya vita anamhudumia kwanza kaka yake Edmund, yule yule aliyemfanya mwongo. Anataka kubaki kumtazama kama atapona, lakini Aslan anamkumbusha kwamba wapo majeruhi wengine wanaosubiri. Anasimama, anakwenda kwa wengine. Aliyewahi kufanya zamu ya usiku anaijua sehemu hii.

Yule binti

Baada ya darasa lile, mama mmoja wa kanisa alimketisha jikoni, wakamenya ndizi pamoja, akamwambia, "Nisimulie, nina muda." Binti hakuanza na mambo mazito. Alianza na mbuzi wake aliyeachwa kwa jirani, rangi yake na jinsi alivyokuwa akimfuata kisimani. Yale mengine yalikuja juma la tatu, nusu nusu. Bado anaota vibaya. Lakini zamani alikaa gizani peke yake mpaka kukuche, na sasa anamwamsha shangazi yake.

Kwa hiyo, wazazi, msikirudishe kitabu kabla hamjakisoma na watoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. (Watoto) Ni lini ulisema kweli na hukuaminiwa? Ulijisikiaje?
2. (Wote) Tumnus na mchawi wote walimkaribisha mtoto. Tofauti yao ilionekana wapi?
3. (Wazazi) Ni habari gani ambayo mtoto wetu alianza kutuambia tukamkatiza? Tunaweza kumrudia wiki hii?
4. (Vijana) Edmund alipokewa. Nani kati yetu bado anasubiri kupokewa?

Tuombe

Bwana, wewe mwenyewe ulibebwa ukiwa mtoto kukimbilia Misri. Utusamehe tulipowanyamazisha watoto wako. Utupe masikio ya kusikia na subira ya kungoja maneno yao. Uwalinde walio bado njiani usiku huu, na uwape mtu mwema wa kuwaonyesha njia. Amina.