SOMO: MAMBO AMBAYO WENGINE HUJIFUNZA KWETU



Katika kikao kimoja cha vikundi hapa Masii tuliulizana swali ambalo lilionekana jepesi: ni jambo gani la kila siku ambalo sisi watu wa Kenya tunalifanya vizuri kuliko nchi nyingine? Tulidhani mikono itainuka mara moja. Wapi! Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi Qatar akasema kwamba huko kila kitu kiko sawa, na huku hakuna lolote. Mwingine akataja wakimbiaji wetu. Wa tatu akataja kutuma pesa kwa simu, na kweli M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, nchi nyingi tajiri hazikuwa na kitu kama hicho mikononi mwa wananchi wa kawaida.

Halafu mama mmoja mzee, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Na hayo matuta mnayoyaruka kila siku mkienda sokoni, mnafikiri yaliota yenyewe?"

Watu walicheka. Lakini swali lake halikututoka kichwani, na ndilo lililozaa somo hili. Tunaomba kila kikundi kilisome pamoja, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

MANENO MAWILI YALIYOVUKA MIPAKA

Ukichimba mtaro kando ya mteremko na kutupa udongo upande wa juu, umefanya juu. Ukiutupa upande wa chini, umefanya chini. Hayo ni maneno ya shambani tu, ya mtu aliyeshika jembe akimwelekeza mwenzake. Lakini leo wataalamu wa udongo wakiandika vitabu kwa Kiingereza, neno hilo "fanya juu" huliacha vilevile kwa Kiswahili. Ukienda Ethiopia, ambako watu hawasemi Kiswahili, maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima "fanya juu" kwa jina hilohilo. Tanzania na Uganda pia wanalitumia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Matuta ya Ukambani yamejiuza mbali sana. Kumbe sisi tunaoishi juu yake ndio tumeyazoea mpaka hatuyaoni.

HAYAKUANZA VIZURI

Tusidanganyane kwamba babu zetu waliyapenda matuta tangu mwanzo. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa na hali mbaya. Watu na mifugo walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya reservu, kwa sababu ardhi nyingine nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi na serikali ya kikoloni. Mvua zilikosa, nzige walikuja, na makorongo yalizidi kupanuka. Mwaka 1937 afisa wa serikali, Colin Maher, aliandika ripoti ya kusikitisha sana juu ya mmomonyoko katika reservu ya Wakamba. Wengi walioisoma waliona nchi hii imekwisha.

Dawa ya serikali ilikuwa amri. Mwaka 1938 iliamuriwa ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Muindi Mbingu na wenzake wakaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kulalamika, wanaume, wanawake na watoto. Serikali ililegeza amri hiyo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kuishi Lamu, mbali na kwao. Matuta ya wakati huo nayo yalichimbwa kwa kulazimishwa. Mtu akichimba kwa kuogopa chifu, huchimba kidogo, tena vibaya, na chifu akigeuza mgongo jembe huanguka.

MBONA BAADAYE YALISHIKA?

Hapa ndipo penye somo. Matuta yaliyokataliwa kwa amri yalikuja kukubaliwa kwa hiari. Sisi tunaona sababu tatu.

Kwanza, watu waliona faida kwa macho yao. Askari waliorudi baada ya Vita Vikuu vya Pili (1939–45) walikuwa wametembea, na wengine walikuwa wameona matuta ya India. Tena wakulima wa milimani walipoanza kupanda kahawa, matuta yakawa njia ya kupata pesa. Na huku chini penye mvua chache, mkulima aliona mahindi yaliyo karibu na tuta yakibaki kijani wakati mengine yamenyauka.

Pili, kazi ilirudishwa mikononi mwa mwethya. Mwethya haukuletwa na mtu. Ni desturi ya Wakamba tangu zamani: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Katika miaka ya 1950 vikundi hivi vilipewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na kupanga mashamba yao wenyewe, na wengi waliobeba kazi hiyo walikuwa akina mama. Msomaji, ukiona tuta la zamani, fahamu kwamba kuna nyanya ya mtu aliyelichimba akiwa na mtoto mgongoni.

Tatu, watu walichagua wenyewe aina iliyowafaa. Kulikuwa na mitindo mingi ya matuta. Fanya juu ndiyo iliyopendwa, kwa sababu mvua yenyewe humsaidia mkulima. Udongo unaoteremka huzuiliwa nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha mpaka linakuwa kama ngazi.

Matokeo yake? Mwaka 1932 Machakos ya zamani, yaani pamoja na Makueni iliyotengwa mwaka 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Wengi walitabiri kwamba watu wakiongezeka, udongo utakwisha. Lakini watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochunguza miaka hiyo yote, na Masii ikiwa mojawapo ya sehemu walizozitazama, waliona kinyume chake: watu zaidi, mmomonyoko kidogo. Hilo ndilo jina walilokipa kitabu chao cha mwaka 1994, ambacho kimesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Sisi ndio tulioandikwa humo.

HEBU TUKUMBUSHANE JINSI YA KUPIMA

Baadhi ya vijana wetu hawajawahi kupima tuta. Huna haja ya chombo cha bei. Tafuta miti miwili iliyonyooka, kila mmoja urefu wa mita 2. Ifunge pamoja juu na uitanue chini, kisha funga mti mfupi katikati ili upate umbo la herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ule mti wa katikati.

Simamisha fremu yako na utie alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuze, mguu wa kulia ukanyage palipokuwa wa kushoto, kisha utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa nenda shambani. Weka kigingi, simamisha mguu mmoja hapo, na sogeza mguu wa pili juu au chini mpaka kamba itulie katikati. Tia kigingi kingine. Endelea hivyo hadi mwisho wa shamba, na ukiona vigingi vimepinda sana, nyoosha mstari kidogo kwa macho.

Chimba mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na sentimita 60 kwa upana. Tupa udongo juu, lakini acha nafasi ya kama shubiri moja kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi ndani. Panda nyasi za nepia au makarikari juu ya tuta mara tu mvua inapoanza. Nyasi ndizo misumari ya tuta, na ng'ombe atakula. Ndani ya mtaro unaweza kupanda ndizi au mapapai. Mteremko ukiwa mkali, matuta yakaribiane zaidi. Na kama kuna maji yanayoingia shambani kutoka barabarani au uwanja wa shule, chimba kwanza mtaro mkubwa juu ya shamba wa kuyageuza, la sivyo yatabomoa yote.

MAJI NDANI YA MCHANGA

Jambo la pili ambalo wageni huja kulitazama Ukambani ni mabwawa ya mchanga. Mito yetu mingi hujaa siku chache tu, kisha inabaki mchanga mkavu. Lakini kila mtoto wa hapa anajua kwamba ukifukua mchanga huo unapata maji. Basi bwawa la mchanga ni ujuzi huohuo uliowekewa ukuta. Kikundi hujenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake. Kunapokuwa na mchanga mzito, maji huweza kufika robo ya ujazo wote, hata zaidi. Jua haliyafikii kama yanavyofikiwa yale ya silanga, wala mbu hawapati pa kuzaa.

Kikundi cha Utooni, upande wa Kola, kilianza kazi mwaka 1978, na huko Kitui shirika la SASOL limesaidia vikundi kujenga mamia. Leo watu wa Msumbiji na Zimbabwe nao wanajenga.

KUJIVUNA SI SOMO

Tukisema tunafanya vizuri, hatusemi hatukufundishwa. Jirani zetu wa Wamunyu wanajulikana dunia nzima kwa vinyago, lakini Mutisya Munge, aliyeanzisha uchongaji huo, aliuona Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo mafundi wa jua kali walilisambaza tangu miaka ya 1980, wazo lake lilitoka Thailand. Mwenye akili huazima, hurekebisha, kisha huwapa wengine. Aibu si kuazima. Aibu ni kuachia kile ulichokuwa nacho.

Na hapo inatubidi tukiri kosa letu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuna shamba dogo la mafunzo. Kwa misimu miwili hatukuinua matuta, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atafanya. Fuko alitoboa tuta la juu. Usiku mmoja wa Novemba maji yakapita kwenye tundu hilo, yakavunja matuta matatu, na yakabeba maharagwe ya jirani yetu mjane, ambaye kosa lake lilikuwa kuishi chini yetu tu. Tulikwenda kuomba msamaha. Hakututukana. Alituuliza tu: "Na nyinyi ndio mnaotufundisha?" Tulirudi kwa mwethya, siku nne, tukaanza na shamba lake kabla ya letu, na mbegu tukamrudishia.

Hiyo ndiyo hatari yetu, ndugu. Tuta halivunjwi na mvua kubwa pekee. Huvunjwa na tundu dogo lililoachwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana wengi wako Nairobi, na wazee waliobaki hawana nguvu za kuinua udongo. Mchanga wa mito yetu nao unabebwa na malori kwenda kujenga mji. Lori moja likiondoka, wachache hugawana pesa jioni hiyo. Mchanga ukiisha, punda wa kijiji kizima wataongeza mwendo wa kutafuta maji miaka na miaka. Wenzetu wa kaunti ya Makueni walitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Sisi hatuna haja ya kungoja polisi ili tujue kwamba mchanga ni tangi letu.

Ingekuwa ajabu kubwa kama siku moja mtoto wa Masii angelazimika kwenda Ethiopia kusoma maana ya maneno "fanya juu".

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tembeeni pamoja katika shamba moja la jirani. Ni matuta mangapi yana nyasi, na ni mangapi yana matundu?

2. Matuta ya hapa kijijini yalichimbwa na nani, na mwaka gani? Waulizeni wazee mkaandike.

3. Kwa nini kazi iliyolazimishwa ilishindikana, na ya mwethya ikafaulu? Je, kuna kazi leo tunayolazimishana badala ya kuelewana?

4. Nani anauza mchanga wa mto wetu, na kwa nini? Kijana huyo anaweza kupata riziki gani nyingine tukimsaidia?

5. Kabla ya mvua za Oktoba, kikundi kitaanza na shamba la nani? Chagueni kwanza mjane, mgonjwa au mzee asiye na mtu wa kumsaidia, na mwandike siku.