Kushuka kwa Eropleni Mahali Pafupi

Mtazame njiwa arudipo juu ya paa la nyumba. Hajitupi kwa kasi. Akikaribia huinua kifua, hupanua mabawa na mkia, hunyosha miguu, kisha hutua taratibu. Eropleni ndogo itakapo kushuka mahali pafupi hufuata njia iyo hiyo.

Ninyi mkaao Mshangano mwajua uwanja wa Songea, ambao urefu wake ni zaidi ya mita 1,500. Lakini ziko eropleni ndogo ziwezazo kugusa nchi na kusimama katika mita 200 au 300 tu. Pima hatua 300 katika kiwanja cha shule, ukienda na kurudi, nawe utafahamu ufupi wake. Je, jambo hili hufanyikaje?

Kwanza ni mwendo. Mwendo wa chombo ukizidi mara mbili, umbali wa kukisimamisha kwa breki huwa mara nne. Kwa hiyo rubani hupunguza mwendo angali angani. Nyuma ya kila bawa pana kipande kiteremshwacho. Kikishuka, bawa hupinda zaidi na kuweza kuchukua uzito wa chombo hata kikienda polepole. Walakini pana mpaka: mwendo ukipungua kupita kiasi, hewa haiwezi tena kulichukua bawa, na eropleni huanguka.

Pili ni upepo. Tuseme eropleni yaenda angani kilomita 80 kwa saa, na upepo wavuma kilomita 20. Ikiuelekea upepo, hugusa nchi kwa mwendo wa kilomita 60. Ikiupa upepo mgongo, huigusa kwa kilomita 100, na umbali wa kusimama huwa karibu mara tatu. Ndiyo sababu kando ya viwanja hutundikwa mfuko wa kitambaa, ili rubani aone upepo utokako.

Tatu ni nchi yenyewe. Kiwanja kipandacho mlima husaidia kusimamisha chombo. Majani yenye maji huyatelezesha magurudumu. Tena katika nchi ya juu kama Songea hewa ni nyepesi kuliko Lindi iliyo pwani, hivyo eropleni hugusa nchi kwa mwendo mkubwa kidogo.

Katika mwaka 1958 Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani, na mwanawe Michael walifanya kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Eropleni yao, aina ya Dornier Do 27, ilipakwa milia kama punda milia. Iliweza kwenda polepole na kushuka mbugani pasipo uwanja uliotengenezwa, na hivyo iliwafaa sana. Lakini tarehe 10 Januari 1959 Michael alipokuwa akiruka peke yake, tai aligonga bawa, eropleni ikaanguka, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Basi chombo chema hakimwondolei mtu hatari zote.

Rubani mwenye akili huchagua mapema mahali atakapogusa nchi. Akiona kwamba atapapita, au mbuzi wameingia kiwanjani, huongeza nguvu za mtambo na kupanda tena angali na nafasi. Haoni haya kuzunguka mara ya pili, maana haraka haraka haina baraka.

Nasi tulio chini tuna kazi yetu. Huenda eropleni inamfuata mgonjwa asiyeweza kungoja safari ya barabara. Majani yakiwa marefu, vichuguu visipobomolewa, au watoto wakikimbilia kiwanjani, rubani atalazimika kurudi bila ya kushuka. Mita chache zilizosafishwa vema zaweza kuokoa uhai wa mtu.

Maswali
1. Kwa nini rubani hushuka akiuelekea upepo?
2. Mwendo ukizidi mara tatu, umbali wa kusimama huzidi mara ngapi?
3. Taja mambo mawili ambayo watu wa kijiji waweza kumsaidia rubani.