Mke wa Kayole na Hesabu ya Miaka Saba

Mgeni huwa raia wa Kenya kwa kuandikishwa. Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinatambua ndoa na Mkenya iliyodumu angalau miaka saba, au ukaazi halali wa miaka saba mfululizo. Barua iliyofika kutoka Kayole inahusu ndoa. Mwandishi wake, mzaliwa wa Tarime, Tanzania, ameishi na fundi wa jua kali miaka kumi na wamejaliwa watoto wawili. Cheti cha ndoa walikichukua Sheria House miaka minne iliyopita. Jamaa wa saiba karibu na steji anataka shilingi 40,000 ili “asukume faili”. Mama huyo anauliza: alipe, au atafute wakili?

Asilipe. Ada za serikali hupitia eCitizen, paybill 222222. Pesa inayoingia kwenye simu ya mtu si ada. Isitoshe, faili yenyewe huenda haijaiva. Sheria huhesabu ndoa tangu ilipofungwa, wala si tangu wawili walipohamia chumba kimoja. Miaka sita ya njoo-tukae ni vigumu kuiokoa: Januari 2023, katika kesi ya MNK na POM, Mahakama ya Juu ilisema ndoa ya kudhaniwa ni jambo la nadra.

Lakini barua inataja, kana kwamba ni jambo dogo, mbuzi wawili na blanketi vilivyopelekwa Tarime mwaka wa kwanza. Hapo ndipo penye kazi ya wakili. Kwa ndoa ya kimila, Sheria ya Ndoa ya 2014 hutosheka hata na sehemu ndogo ya mahari. Ikithibitika kwamba ndoa ilifungwa siku ile, hesabu huenda ikabadilika. Kwa hiyo majina ya wazee waliopokea mbuzi hao, na picha yoyote ya siku hiyo, vina thamani kuliko fomu zote za saiba.

Wakili atoke wapi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja raia, wakimbizi na wasio na utaifa, ila si mke mgeni wa kawaida. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973 kuwatetea wasiojiweza, ndipo pa kubisha kwanza. Wa kulipwa lazima awe na leseni ya mwaka huu, na jina lake hutafutwa kwa Chama cha Mawakili.

Kibali cha mama huyo cha kukaa kisiachwe kuisha wakati anasubiri. Watoto hawahitaji maombi yoyote: mzazi mmoja Mkenya anatosha, nao ni raia wa kuzaliwa.

Jambo moja barua haikuligusa. Kenya inaruhusu uraia pacha. Tanzania, kwa Sheria yake ya Uraia ya 1995, hairuhusu. Siku atakapoandikishwa Kenya huenda akapoteza uraia wa Tanzania; hapo, akienda kumwona mamake Tarime, atagongewa muhuri mpakani Sirari kama mgeni.