Kabla ya kumwandikisha mwanao katika darasa la balei

Wazazi wengi wanaoishi mijini siku hizi hutafuta jambo la kuwashughulisha watoto wao mwishoni mwa wiki. Kuna wanaowapeleka kuogelea, kuna wanaowapeleka kujifunza piano, na kuna wale ambao huwaandikisha katika madarasa ya densi ya balei. Densi hii, ambayo chimbuko lake ni katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa karne nyingi zilizopita, ina wapenzi wengi jijini Nairobi, na si katika mitaa ya matajiri pekee. Hata katika mtaa wa Kibera watoto wamekuwa wakifunzwa balei kwa miaka mingi.

Je, mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, ambaye bado yuko katika shule ya chekechea, anafaa kufunzwa densi hii? Na iwapo anafaa, mzazi atalitambuaje darasa zuri?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, lakini kwa sharti moja. Darasa la mtoto wa umri huo linapaswa kuwa la mchezo, muziki na kurukaruka. Likiwa ni la kumnyoosha viungo kwa nguvu ili awe mchezaji hodari mapema, laweza kumletea madhara ambayo yatamfuata hadi utu uzima.

Faida zake

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kuhusu watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Kulingana na mwongozo huo, mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau saa tatu za kuchangamsha mwili kila siku, na katika muda huo, angalau saa moja iwe ya shughuli zinazomfanya ahemeke. Kwa mtoto anayeishi katika nyumba ya ghorofa isiyo na uwanja, na ambaye hukaa mbele ya televisheni au simu akirudi kutoka shuleni, saa hizo ni vigumu kuzipata.

Darasa la densi husaidia. Mtoto hujifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, kuruka na kutua vizuri, kufuata mdundo, kusubiri zamu yake na kusikiliza maagizo. Hayo yote yana manufaa hata kama hatawahi kupanda jukwaani. Hata hivyo, ni lazima ifahamike kwamba darasa la mara moja kwa wiki haliwezi kuchukua nafasi ya michezo ya kila siku.

Mwili ambao bado haujakomaa

Mifupa ya mtoto mdogo si sawa na ya mtu mzima. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini za gegedu ambako mfupa hurefukia. Sehemu hizi hukaa wazi mpaka mtoto anapomaliza kubalehe. Zikiumizwa vibaya, mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake.

Isitoshe, maumbile ya miguu ya mtoto wa chekechea humtia wasiwasi mzazi asiyeyafahamu. Watoto wengi wa umri huu wana nyayo bapa, na magoti yao huelekea kugusana wanaposimama. Kwa kawaida hali hizi hujirekebisha zenyewe mtoto akiendelea kukua, na magoti huwa yamenyooka afikapo miaka saba hivi. Mwalimu anayekuambia kwamba mwanao ana kasoro ambayo balei itaitibu anavuka mipaka ya kazi yake. Ikiwa una wasiwasi, mwone daktari.

Kuna pia suala la kugeuza miguu ili vidole vielekee nje, ambalo ndilo msingi wa balei. Mgeuko huo unapaswa kutoka kwenye nyonga. Mtoto mdogo akilazimishwa kuzielekeza nyayo zake pembeni kabisa, nyonga haziwezi, na mzigo huo huhamia kwenye magoti na vifundo vya miguu. Kwa hivyo katika darasa zuri utaona watoto wakisimama na vidole vikiwa vimetazama mbele, au vimefunguka kidogo tu.

Wazazi wengine hutamani sana kuwaona binti zao wakisimama juu ya ncha za vidole katika vile viatu vyenye ncha ngumu. Wataalamu wa afya ya wachezaji densi hushauri viatu hivyo visivaliwe kabla ya umri wa miaka 11 au 12 hivi, tena baada ya miaka kadhaa ya mafunzo yanayofaa. Mwalimu anayemvisha viatu hivyo mtoto wa miaka mitano anahatarisha miguu yake. Mwondoe mwanao hapo mara moja.

Methali inayotumiwa vibaya

Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya malezi na tabia, na kamwe haihusu viungo vya mwili. Hata hivyo, kuna walimu na wazazi wanaoamini kwamba kadiri mtoto anavyokunjwa mapema ndivyo atakavyokuwa mwepesi zaidi. Utaona mwalimu akimkandamiza mtoto mabega huku akiwa ametanua miguu, au akimshika kiuno na kumpinda mgongo kinyumenyume mpaka mikono iguse sakafu.

Hatari ya jambo hili si ya kufikirika. Nchini Uchina, madaktari wameripoti visa vya watoto wadogo, wengi wao wasichana walio chini ya miaka 10, waliopooza miguu baada ya kupindwa mgongo kinyumenyume katika mazoezi ya densi. Hiyo haikuwa balei, lakini uti wa mgongo ni ule ule. Uti wa mgongo wa mtoto hunyumbulika sana, kiasi kwamba neva zilizo ndani zinaweza kuvutika na kuumia hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Wakati mwingine mtoto huinuka na kutembea kama kawaida, kisha miguu ikaanza kulegea baada ya dakika au saa kadhaa.

Ukisikia mtoto analalamika kwamba mgongo unamuuma au miguu imekufa ganzi baada ya kupindwa, mlaze, usimruhusu aendelee na mazoezi wala kutembea, na utafute msaada ili afikishwe hospitalini haraka. Usimkande na usimnyooshe.

Kulikagua darasa

Usilipe karo kabla ya kuona darasa likiendelea. Omba mtoto ajaribu kipindi kimoja huku wewe ukitazama. Yafuatayo ndiyo ya kuangalia:

Sakafu. Kumbi nyingi za kukodisha zina sakafu ya saruji au vigae. Kuruka juu yake mara kwa mara huumiza visigino na magoti. Sakafu inayofaa ni ya mbao iliyoinuliwa kutoka kwenye saruji, ili inepe kidogo mtoto anapotua. Zulia lililotandikwa juu ya saruji halitoshi. Ikiwa ukumbi una saruji tu, uliza kama mwalimu amepunguza mazoezi ya kuruka. Tazama pia kama sakafu inateleza, na kama kuna nyaya, misumari au viti vya kujikwaa.

Muda. Dakika 30 hadi 45 zinamtosha mtoto wa chekechea. Kipindi cha saa moja na nusu humchosha, na mtoto aliyechoka huumia kwa urahisi.

Idadi ya watoto. Watoto kumi hivi kwa mwalimu mmoja ni kiasi anachoweza kumudu. Wakizidi hapo, pawe na msaidizi. Mwalimu mmoja mwenye watoto 25 hawezi kumwona yule anayejiumiza kule nyuma.

Mtindo wa kufunza. Istilahi za balei ni za Kifaransa, kwa kuwa ni Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliyeanzisha chuo cha kwanza cha densi mwaka wa 1661. Mtoto wa miaka minne hahitaji kuzikariri. Mwalimu stadi humwambia achuchumae kama chura, atembee kama twiga, apepee kama kipepeo. Kwa njia hiyo anajifunza kukunja magoti na kunyoosha shingo bila kujua kwamba anafunzwa.

Mavazi. Viatu laini vya balei vimtoshe kabisa. Ile desturi yetu ya kununua viatu vikubwa ili mtoto avikulie haifai hapa, kwani atajikwaa. Kabla ya kununua, anaweza kucheza miguu mitupu. Asicheze na soksi pekee, maana zinateleza. Nywele nazo zisibanwe kwa nguvu mpaka ngozi ya paji la uso ivutike. Kubana namna hiyo mara kwa mara huzing'oa nywele za mbele.

Mwalimu ni nani?

Mtu kuwa mchezaji hodari si hoja kwamba anaweza kufunza watoto wadogo. Muulize amepata mafunzo gani ya ualimu wa densi, na amefunza watoto wa umri wa mwanao kwa muda gani. Akikutajia chama cha kimataifa, kama vile Royal Academy of Dance kilichoanzishwa jijini London mwaka wa 1920, muombe akuonyeshe cheti chake. Mwalimu wa kweli hatakasirika.

Usivutiwe na ahadi za mitihani. Hata chama hicho hakimpokei mtoto aliye chini ya miaka mitano katika kiwango chake cha kwanza cha kupimwa. Basi anayekuambia kwamba mwanao wa miaka mitatu atafanya mtihani muhula huu, muulize ni mtihani gani na ni wa nani.

Msikilize pia anavyozungumza na watoto. Mwalimu anayewaita wengine wanene, anayewapima uzani au kuwalinganisha mbele ya wenzao anapanda mbegu ya kuuchukia mwili. Mbegu hiyo huota wakati wa ujana, na baadhi ya vijana huishia kujinyima chakula.

Usalama wa mtoto

Katika balei, mwalimu humgusa mwanafunzi ili kumrekebisha. Kwa sababu hiyo, uliza mapema utaratibu ni upi. Mguso unapaswa kuwa mwepesi, mbele ya watu wote, na mtoto awe na ruhusa ya kusema hapana. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Watoto wasibadilishiwe nguo na mtu ambaye wazazi hawamjui. Uliza kama wafanyakazi wote wana cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto baada ya kipindi.

Darasa ambalo haliruhusu kabisa mzazi kutazama, hata kupitia dirishani, si la kuaminiwa. Na iwapo utashuku kwamba mtoto yeyote anadhulumiwa, piga simu nambari 116, ambayo ni ya bure kote nchini.

Afya ya mtoto kwanza

Mtoto mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu au kifafa hazuiwi kucheza, lakini zungumza na daktari wake kwanza, kisha umweleze mwalimu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi, na apumzike kila anapotaka.

Maumivu madogo ya misuli yanayoisha siku ya pili si hoja. Lakini mtoto akichechemea, kiungo kikivimba, au akiamka usiku akilia mguu, mpeleke kliniki. Akichechemea na huku ana homa, usingoje kesho.

Je, akikataa?

Si ajabu mtoto akalia katika kipindi cha kwanza au cha pili. Mpe muda. Lakini ikiwa wiki kadhaa zimepita na bado anashikilia nguo yako mlangoni, mketishe na umuulize taratibu kinachomsumbua. Huenda ni woga wa kawaida, au muziki una kelele. Huenda pia kuna jambo zito. Kama ni kwamba hapendi tu, mtoe bila kumkemea, hata kama karo imelipwa.

Usihofu kwamba amechelewa. Misty Copeland wa Marekani alianza balei akiwa na miaka 13, na mwaka wa 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupandishwa hadi ngazi ya juu kabisa katika kundi la American Ballet Theatre. Hapa kwetu, Joel Kioko, kijana aliyelelewa katika mtaa wa Kuwinda jijini Nairobi, alikuwa amekwisha kupita umri wa chekechea kwa miaka mingi alipoanza kufunzwa, na bado akaenda kusomea balei jijini London. Mfano wake pia unawajibu wale wanaodhani kwamba densi hii ni ya wasichana peke yao.

Mzazi, kabla ya kutia sahihi, uliza gharama zote: karo ya muhula, mavazi, na vazi la onyesho la mwisho wa mwaka, ambalo mara nyingi huwashtua wazazi. Kisha, kipindi kikiisha, mtazame mwanao anavyotoka. Mtoto anayetoka akiruka na kutaka kukuonyesha alichojifunza yuko mahali pazuri. Anayetoka kimya, ameshika nyonga au mgongo, umuulize maswali siku hiyo hiyo, na usimrudishe kabla hujaridhika na majibu.