Kutunza Redio ya Kaseti na Spika Zake: Funzo Nililolipata kwa Kanda ya Babu

Najua wengi wenu mtacheka mkisikia kwamba nimekuja kuzungumza juu ya redio ya kaseti, maana siku hizi nyimbo zote zimo ndani ya simu. Lakini hebu piteni nyumba zetu za Tudor, au mshuke hadi Kibokoni na Kuze kule Mji wa Kale. Si ajabu mkaikuta redio imekaa kabatini kama biarusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake pana sanduku la kanda.

Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963. Baadaye ikawa ndiyo njia kubwa ya kueneza taarabu pwani. Hapa Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kanda za waimbaji wetu. Ustadh Juma Bhalo aliyefariki mwaka wa 2014, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh walisikizwa sana kwa njia hiyo. Kanda za dukani hata zikiharibika, huenda jirani anazo. Lakini kanda ya harusi ya kwenu ni moja tu duniani, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

KISA CHENYEWE

Shangazi yangu aliolewa mwaka wa 1988, akahamia Maskati na mumewe. Siku ya harusi babu alisimama nje mbele ya wanaume akasoma shairi alilomtungia bintiye. Shangazi alikuwa ndani na wanawake, kwa hiyo hakumwona babake akisoma. Alikuja kuyasikia baadaye kandani. Babu alifariki kabla mimi sijazaliwa. Simjui ila kwa kanda ile.

Idd iliyopita shangazi alitutembelea baada ya miaka tisa. Tulipokwisha kula, nyanya akaniita, "Ndoo mwanangu. Mtilie shangazi yako kanda ya babu yako asikize." Redio ilikuwa haijachezwa mwaka mzima. Mimi kwa pupa ya kutaka kuonekana fundi, sikuifungua wala sikuitazama. Nikatia kanda, nikabonyeza. Babu akaanza. Alipofika ubeti wa mwisho, ule wa kumtaja biarusi kwa jina, sauti ikawa nzito, ikavutika, ikazama. Lo! Mashine imekula kanda! Badala ya kuchomoa umeme na kuifungua taratibu, nikaivuta kwa mkono. Ikatoka imekunjika kama ukili uliokanyagwa.

Nyanya hakunigombeza. Alikunja kitambaa cha redio akaingia chumbani. Afadhali angenigombeza.

Nilipopima, sehemu iliyoharibika ilikuwa sentimita 19. Kanda ya kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Gawanyeni wenyewe: ni sekunde nne. Na katika sekunde nne hizo ndimo lilimokuwa jina la shangazi.

KWA NINI MASHINE HULA KANDA

Nilimwendea fundi mmoja mzee huko Mwembe Tayari. Alifungua redio, akamulika kwa tochi, akaniambia, "Hii haikuharibika, binti yangu. Hii ni chafu." Kisha akanionyesha sehemu tatu ambazo kila mwenye redio yafaa azijue.

Ya kwanza ni kichwa, yaani kile kidude cha chuma king'aacho kinachosoma sauti. Ya pili ni kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, pamoja na gurudumu dogo la mpira linalokigandamiza. Kanda hupita katikati ya viwili hivyo, navyo ndivyo vinavyoivuta. Ya tatu ni mpira mwembamba wa ndani unaopeleka nguvu za mota kwenye magurudumu.

Sasa, kanda yenyewe ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma, yaani ndugu yake kutu. Kila ipitapo huacha vumbi la rangi ya kahawia. Vumbi likijaa kwenye gurudumu la mpira, kanda hunata, huvutwa upande, na hujizungusha kwenye kijiti. Aidha, mpira wa ndani ukilegea, kijiti huendelea kuisukuma kanda ilhali gurudumu la kuikusanya limesimama. Matokeo ni yale yale: mashine itakula kanda.

JINSI YA KUSAFISHA

1. Chomoa redio ukutani. Usiizime tu, ichomoe.
2. Fungua mlango wa kanda, ubonyeze kidude cha kucheza ili kichwa kijitokeze.
3. Chovya kijiti cha pamba katika spiriti safi isiyotiwa mafuta, usugue kichwa na kijiti cha chuma mpaka pamba itoke nyeupe. Yangu ilitoka rangi ya tangawizi mara sita!
4. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo, maana spiriti nyingi huukausha mpira ukapasuka. Petroli, mafuta ya taa na thina usivitumie kabisa, huula mpira.
5. Ngoja dakika 15 vikauke, kisha jaribu kwa kanda usiyoijali. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Fanya hivi kila baada ya saa 20 au 30 za kusikiza, na kila mara redio inapokuwa imelala muda mrefu.

KUFUNGA SPIKA

Wengi hufunga spika ovyo kisha wakalaumu redio. Kila spika ina nyaya mbili, na matundu yake ni mekundu na meusi. Chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi katika spika zote mbili. Ukigeuza moja, hii itasukuma hewa wakati ile inavuta, nazo ngoma zitasikika dhaifu kama zapigwa nyumba ya tatu. Ikiwa alama zimefutika, gusisha nyaya za spika kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu. Ikiwa karatasi ya spika imesukumwa mbele, basi ule waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya.

La pili ni omu. Tumefunzwa katika fizikia kwamba vipinga viwili vya omu 8 vikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Basi ukizidisha spika kwenye tundu moja la amplifaya inayotaka omu 8, itatoa mkondo maradufu, ipate moto na pengine iungue. Soma kwanza maandishi ya nyuma.

Mwisho, zitenganishe spika kiasi cha masafa yaliyoko baina yako nazo, zikutazame. Usizibandike juu ya kabati moja na redio, kwa sababu mtikisiko huingia kwenye mashine. Wala usiweke kanda juu ya spika. Ndani mna sumaku, na sumaku hufuta.

CHUMVI, UNYEVU NA UMEME

Sisi wa kisiwani tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hutafuna chuma cha matundu na plagi. Ukisikia spika zinakwaruza unapozungusha sauti, aghalabu ni uchafu au kutu ndani ya kidude hicho. Weka redio mbali na dirisha, na uifunike baada ya kupoa. Usiifunike inapocheza kwa ajili ya urembo, itakosa hewa.

Umeme ukipotea, chomoa plagi, kwa sababu unaporudi huweza kuja kwa kishindo kupita zile volti 240 za kawaida. Na tafadhalini, msifungue amplifaya. Kapasita zilizo ndani huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

KANDA ZENYEWE

Zisimamishe wima ndani ya mkebe mkavu, hasa masika, maana ukungu huota juu ya utepe. Vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni ili asije mtu akarekodi juu yake. Andika jina na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda za dakika 120 ni nyembamba sana, basi zichezwe kwa nadra. Utepe ukikatika, usiunganishe kwa selotepu ya kawaida, gundi yake hutoka ikanata kichwani.

Kanda ya babu tuliifungua kwa bisibisi, skrubu tano. Fundi alilaza utepe juu ya karatasi safi, akaunyoosha kwa mgongo wa ukucha, tukauzungusha kwa penseli. Kisha tukaicheza mara moja tu, waya ukitoka tundu la redio la visikizio na kuingia kwenye kompyuta. Yafaa wenzangu mfanye hivyo mapema, kabla ya ajali, na nakala muweke pahala pawili.

Zile sekunde nne hazikurudi kama zamani. Jina la shangazi lasikika kana kwamba babu yumo kisimani. Nilimpelekea Maskati, naye akajibu kwamba amelisikia. Nyanya naye alisikiza, akaniuliza, "Na hiyo redio umeisafisha?" Nikamwambia ndiyo. Akanirudishia kile kitambaa niifunike.

Wenzangu, spiriti na vijiti vya pamba havina gharama kubwa. Redio yaweza kununuliwa nyingine, sauti ya mtu haiuzwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hazijengeki tena.

Mwanachama, Kidato cha Tatu